Weka Gunia Chini

Wa kwanza kuniambia nitafute gunia alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili hapa Migori. Ni mtu mwema. Mvua ikinyesha hunianulia nguo bila kuombwa. Alisimama mlangoni, akamtazama paka wetu aliyelala kwenye kitambaa karibu na jiko, mbavu zinahesabika, akasema kwa sauti ya kunionea huruma: "Huyu ameisha. Tafuta gunia, mpe mtu wa boda mia mbili akamwachie huko mbele ya Awendo. Huko kuna miwa. Atajipanga."

Atajipanga! Paka wa miaka kumi na sita, ambaye wiki hiyo alishindwa kuruka juu ya stuli, ajipange kwenye shamba la miwa.

Wa pili alikuwa muuzaji katika agroveti moja. Nilimuuliza dawa ya paka mzee, akanyoosha kidole kwenye rafu ya sumu ya panya. Hakuwa anatania. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, mtu wa kanisa, ambaye aliniambia nimwachie Mungu. Nilipomuuliza kumwachia Mungu ni kufanya nini hasa, alisema ni kutofanya kitu.

Ukiwasikiliza watatu hawa unaweza kudhani wanashauri mambo tofauti. Ushauri wao ni mmoja: mwondoe mbele ya macho yetu, afe mahali ambapo hatutamwona. Mimi nasema desturi hii ni aibu, na nasema kama mtu wa hapa, niliyezaliwa Homa Bay na ninayekula mkate wangu Migori. Sijaisoma kwenye kitabu cha Wazungu wanaovalisha mbwa sweta. Wazee wa pwani walioacha methali kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi, hawakuwa Wazungu.

Kwanza mjue huyo paka alikuwa nani. Aliitwa Karani. Alikuja kwa mama mwaka 2008, kidogo kama ngumi, akitoka kwa mama mmoja wa sokoni ambaye alikuwa akigawa wanne. Mama alikuwa na stoo ya omena Homa Bay, chumba kimoja cha mabati, magunia yamepangwa mpaka karibu na paa. Aliyewahi kuweka omena anajua adui wake ni wawili: unyevu na panya. Unyevu unaweza kuuanikia juani. Panya akitoboa gunia usiku mmoja, asubuhi unauza hasara, kwa sababu hakuna mteja atakayenunua omena iliyochanganyika na mavi ya panya, hata umpunguzie bei vipi. Paka huyu alipokua akaanza kulala juu ya gunia la juu kabisa, na kila jioni mama akifunga hesabu alishuka, akapita gunia kwa gunia akinusa. Ndiyo maana akaitwa Karani. Mwaka huo ndio nilianza kidato cha kwanza. Karo yangu ya miaka minne ilitoka kwenye magunia hayo. Kwa hivyo nikisema nimesomeshwa na omena, na omena ililindwa na paka, sisemi kwa mapenzi. Nasema kwa hesabu.

Mama alipofunga stoo kwa sababu ya magoti na kuja kukaa nami Migori, Karani alikuja naye ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia yenye matundu, kwenye matatu. Alikuwa tayari ni bibi kizee. Kisha mwaka 2024, baada ya Pasaka, akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Bakuli linajazwa asubuhi, adhuhuri limekauka. Anakojoa sana, anakonda, anatoa harufu mdomoni, manyoya yamesimama kama ya kuku aliyenyeshewa.

Sasa tuje kwenye hoja za wanaotetea gunia, maana nimezisikia zote.

Hoja ya kwanza: si ni paka tu. Neno hilo "tu" limebeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Panya wakiwa wengi, paka si "tu". Unamtafuta, unaomba, unampa mwenye paka kitu kidogo ili akutengee mmoja watoto wakizaliwa. Anakuwa "tu" siku anapoacha kukufaa. Basi hiyo si hoja kuhusu paka ni nini. Ni hoja kuhusu wewe unavyowatazama wote wanaoacha kukufaa, na mimi ningekuwa mzazi wako ningeanza kujiwekea akiba.

Hoja ya pili ni nzito, na sitaikimbia. Wanasema: watu wenyewe hawana dawa, wewe unanunulia paka? Hoja hii ina ukweli ndani yake. Nimekaa kwenye foleni za hospitali za hapa. Najua mama anayerudishwa nyumbani na karatasi kwa sababu dawa iliyoandikwa juu yake haiko. Lakini niambie: yule aliyempeleka paka wake Awendo kwenye gunia, ile pesa aliyookoa alimnunulia nani dawa? Jirani gani mgonjwa alipata nafuu? Sijawahi kumwona. Ninachoona ni kwamba anayesema "watu kwanza" mara nyingi hana zamu kwa hao watu pia. Huruma si debe la maji kwamba ukimchotea huyu, yule amekosa. Inakaribia kuwa kama mkono: ukiuzoesha kazi unapata nguvu, ukiulaza unanyong'onyea.

Na hapa nitasema jambo ambalo sisi wa ufuo huu tunalijua kuliko watu wengi Kenya, ingawa hatupendi kulitaja. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi. Mwaka 2001, wakati shirika la Médecins Sans Frontières lilipoanza kutoa dawa za ARV bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, nilikuwa mtoto wa miaka saba. Kwa baba yangu mdogo dawa hizo zilichelewa. Aliwekwa kwenye nyumba ndogo nyuma ya boma. Chakula chake kilisukumwa mlangoni kwa mkono mrefu, sahani yake ikawa ya peke yake, na watu wazima niliowaheshimu wakawa wanasema sentensi moja kila walipoulizwa kwa nini hapelekwi hospitali, kwa nini hageuzwi, kwa nini shuka halifuliwi. Walisema: "Atakufa tu."

Mama ndiye aliyeingia. Kila asubuhi kabla ya kwenda kuchukua omena ufuoni aliingia na karai la maji ya vuguvugu, akamwosha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko. Alikufa, ndiyo. Walikuwa sahihi kuhusu hilo. Lakini alikufa akiwa safi na akijua jina lake bado linaitwa.

Simlinganishi baba yangu mdogo na paka. Atakayesoma hivyo amesoma kwa haraka. Ninacholinganisha ni sentensi. "Atakufa tu" niliyoisikia nyuma ya boma mwaka 2001 ndiyo niliyoisikia mlangoni kwangu mwaka 2024, kwa sauti ileile ya huruma. Sentensi hiyo haichagui. Ukiiruhusu ikae nyumbani kwa sababu ya paka, itakuwa imeketi hapo siku ya mtu. Na nikawaona mikono ya mama, ile ile, sasa ina mishipa imejitokeza, ikimchambulia Karani omena: anaichemsha bila chumvi wala kitunguu, anatoa vichwa, anaiponda kwa mwiko, anamwekea kwenye ncha ya kidole. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Nyathina, huyu alinilindia usiku. Mchana nitamlinda mimi."

Hoja ya tatu: wapi huduma? Hapa gunia lina mtetezi wa kweli, kwa sababu huduma haipo karibu. Tazama hata jina tunalotumia: daktari wa mifugo, na mitaani tunamwita daktari wa ng'ombe. Nilipiga simu kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikaulizwa una ng'ombe wangapi. Nikasema nina paka. Kimya. Kisha kicheko, si cha ubaya, cha mshangao. Nikaambiwa nisubiri mpaka chanjo ya mbwa itakapotangazwa, nimlete siku hiyo. Paka wangu hakuwa na kichaa cha mbwa. Alikuwa na uzee.

Mahali pasipo na huduma, watu hujitibia, na hapo ndipo mapenzi yenyewe yanapoua. Wacha niseme haya polepole, maana yanaweza kumwokoa mnyama wa mtu. Usimpe paka paracetamol. Kidonge kimoja tu, hiki tunachomeza sisi kichwa kikiuma, kinaweza kumuua: mwili wa paka hauna uwezo wa kukivunja, damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu. Usimpe ibuprofen wala diclofenac, zitamalizia figo. Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, kwani paka hujilamba, na ile uliyompaka mgongoni ataimeza. Mama mwenyewe alishaponda nusu ya Panadol kwenye kijiko, kwa upendo kabisa, siku nilipoingia na kuiona. Nilimwaga chini. Alinikasirikia mpaka jioni.

Hatimaye nilipata mtaalamu wa mifugo kutoka mji mwingine, kijana mmoja mwenye pikipiki ambaye aliwahi kufanya kazi na paka na mbwa Nairobi. Alivuta ngozi ya shingo, ikabaki imesimama badala ya kurudi. Alinusa mdomo. Akapapasa tumbo. Akasema ni figo, ugonjwa wa kawaida wa paka wazee. Figo zikiharibika hazioti tena, na dalili zikionekana ujue sehemu kubwa imeshaenda. "Hatutamponya," akasema. "Tunaweza kumpunguzia." Akanifundisha kumwekea maji ya dripu chini ya ngozi ya mabega, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Akanionyesha kuweka sanduku la mchanga karibu na anapolala, lenye ukingo mfupi, na maji sehemu mbili ili asitembee. Jumla, pamoja na mafuta ya pikipiki, nililipa shilingi elfu tatu mia tano. Si pesa kidogo. Pia si pesa ambayo watu wa mtaa wetu hawajawahi kuitumia Jumamosi moja.

Karani alipata wiki saba. Nne kati yake zilikuwa nzuri. Alikaa juani kwenye ngazi. Aliwakaripia kuku. Usiku mmoja alimletea mama mende, akamweka juu ya kandambili kama mtu anayelipa deni.

Wiki tatu za mwisho ni zangu, na nisipozisema haya yote yatakuwa kelele za mtu anayejiona msafi. Mwanzoni mwa Agosti mama alisema, "Amechoka. Mwite yule kijana amlaze." Karani alikuwa ameacha kula. Alikuwa anajificha chini ya kitanda, na paka akijificha anajua anachofanya. Aliyekuwa akijilamba mchana kutwa hakujilamba tena. Nikishika mgongo wake alikoroma, nami nikajiambia anafurahi, wakati kijana alikuwa ameshaniambia kwamba paka hukoroma hata kwenye maumivu. Nilikataa. Nikaendelea na sindano. Nikamlazimisha supu kwa bomba la sindano, naye akigeuza uso. Nilijiita mwaminifu. Kumbe nilikuwa naogopa tu. Sikuwa namtunza paka. Nilikuwa najitunza mimi, nisiwe mtu aliyesema neno la mwisho. Jirani wa gunia na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja: wote hatukutaka kuona mwisho. Yeye aliutupa Awendo. Mimi niliuchelewesha, na gharama ya kuchelewa ikalipwa na asiyeweza kusema.

Ndiyo maana nasema kutunza kuna sehemu mbili, na ya pili inaogopwa kuliko ya kwanza. Ya kwanza ni kulisha, kuosha, kupunguza maumivu. Ya pili ni kujua lini inatosha. Siku mbaya zikizidi nzuri, asipokula, asipofika kwenye mchanga wake, asipoinua kichwa ukimwita, basi sindano ya kumlaza si ukatili wala si dhambi. Ni mlango, na ni wewe mwenye ufunguo. Kijana alirudi. Akampa kwanza ya usingizi, tukasubiri mpaka kichwa kikalegea kwenye kanga ya mama, kisha ya pili. Dakika chache. Mama alikuwa anamwambia kitu kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, ambacho hakikunihusu.

Mama alisema Karani alikuja na gari la Homa Bay na atarudi na gari la Homa Bay. Basi tukapanda matatu na katoni: Awendo, Rongo, Rodi Kopany. Utingo aliuliza kuna nini ndani. Mama akajibu, "Mfanyakazi wangu." Watu walicheka, mmoja akanyamaza kabla ya wengine. Tulimzika nyuma ya ilipokuwa stoo.

Sasa serikali. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaorodhesha kazi za kaunti. Watu wanajua zahanati, barabara ndogo, masoko. Wachache wanajua kwamba mle mle imetajwa ustawi wa wanyama: leseni za mbwa, na mahali pa kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kuwazika! Sikuandika mimi. Kaunti zimefanya kazi tangu 2013. Niambie, wewe wa Migori au wa Homa Bay, ni wapi hapo pa kutunza na kuzika? Tuna Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, ambayo inamhesabu kuwa na kosa mwenye mnyama anayemtelekeza bila sababu mahali atakapoteseka. Kwa hivyo lile gunia la Awendo si ushauri wa ujirani mwema tu. Ni kosa.

Siombi hospitali ya paka yenye vigae. Naomba vitu vidogo. Kila kaunti ndogo iwe na afisa mmoja wa mifugo ambaye amefunzwa mnyama mdogo na hachekeshwi naye. Awe na dawa halali ya kumlaza mnyama anayeteseka, na bei yake ibandikwe ukutani. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, paka wahesabiwe pia, kwa sababu na wao wanaupata na wanauma watoto. Na wauza agroveti waambiwe kwamba swali kuhusu paka mgonjwa halijibiwi kwa sumu ya panya.

Lakini serikali haikai mlangoni kwangu ikishika gunia. Anayekaa ni jirani, kwa hivyo nitamalizia na yetu sisi. Homa Bay ina hadithi mbili ambazo kila mtoto wa hapa amesimuliwa. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa Simbi Nyaima, mahali ambapo kijiji kizima kilizama kwa sababu bikizee alifika kwenye sherehe, akanyimwa na kufukuzwa. Kule Gwassi, Nyandiwa, kuna mti unaosemwa kuwa ni Nyamgondho, mvuvi maskini ambaye wavu wake ulimletea bikizee kutoka ziwani. Akamchukua nyumbani, akatajirika, akalewa, akamtukana. Bikizee akarudi majini na ng'ombe wote nyuma yake. Kaunti moja, hadithi mbili, na kosa ni moja: kumdharau mzee aliyechoka aliyesimama mlangoni. Tunawapeleka watoto wa shule kuziona sehemu hizo. Wanapiga picha. Kisha wanarudi nyumbani, wanatutazama tukitafuta gunia.

Mwezi wa kumi na moja jirani yangu alipiga hodi. Panya wameingia kwenye mahindi yake. Alikuwa amesikia kwamba mama anafahamiana na wenye paka Homa Bay, akaomba atafutiwe mmoja, mdogo, mkali. Mama alimkaribisha, akampa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe nunua mtego. Mtego ukizeeka, unaweza kuutupa."